Mjerumani Alivyotupima Vichwa

Ruthu! Leo mimi na pacha wangu Lydia tumepimwa vichwa na Mjerumani hapa Mpwapwa. Kwa koleo la chuma, mwenzangu!

Alipomaliza kwa Lydia akamwambia Bushiri, mkalimani wake, naye akatutafsiria: "Tabia ya mtu imo kwenye fuvu. Huyu ni mtiifu."

Akanipima mimi. "Huyu naye mtiifu."

Mimi! Mimi mtiifu, Ruthu!

Nikasema, "Bushiri, mwambie vichwa vimefanana, tabia hazifanani. Lydia mpole, mimi mbishi tangu tumboni."

Bushiri akaninong'oneza: "Utachapwa viboko."

"Mwambie hivyo hivyo!"

Akamwambia. Mjerumani akawa mwekundu, akaamuru kesho niende bomani nikachapwe.

Sikimbii. Naenda kwa miguu yangu.

Na unajua nani kasema tunakwenda wote, tena kwa sauti, mbele ya yule mzungu? Lydia.