Kengele ya Dripu Iliyokwama Mbele ya Majaji

Mpendwa Shangazi Kagure,

Naomba msaada na tafadhali jina langu usilichape, sema tu ni msichana wa Fomu Thrii pande za Karurumo, maana hata darasani nikiulizwa swali sauti hunipotea. Ndoto yangu ni kuwa injinia wa kuunda mashine za hospitali, na mwaka huu nilitengeneza kengele ya dripu, yaani unaning'iniza chupa ya maji anayotiwa mgonjwa mshipani kwenye springi niliyoitoa kwa mizani kuukuu ya bucha ya mjomba, maji yakikaribia kuisha chupa inakuwa nyepesi, springi inapanda, waya mbili zinagusana na kengele inalia. Nyumbani ililia mara saba kwa kumi, hizo tatu ikakwama, na kwenye kongamano la sayansi ikakwama mbele ya majaji, nami nikajifanya naiweka sawa, nikazigusanisha waya kwa kidole. Ikalia, shule yetu ikawa ya kwanza. Baba akapeleka mkungu wa ndizi kanisani kutoa shukrani, nikasimamishwa mbele, akanitania, "Sasa nikiugua niite daktari ama fundi?" watu wakacheka, halafu Sista Nelius wa dispensari akaniambia mbele ya wote, "Kainjinia, mkifunga shule niletee hiyo kengele. Niko peke yangu, macho ni haya mawili na chupa ni sita." Nikatingisha kichwa kukubali. Tunafunga wiki ijayo. Nikisema ukweli nitamwaibisha baba, nikinyamaza sijui itakuwaje. Ama niachane na uinjinia kabisa?

Mwenye haya


Mwenye haya,

Pole, mwanangu. Kusimamishwa mbele ya kanisa si mchezo. Lakini kidole chako kilidanganya, na unajua.

Sasa nisikize. Leo Sista Nelius huzunguka akitazama kila chupa. Siku utakayomtundikia kengele, ataacha kutazama, atasubiri mlio. Ikikwama, dripu itakauka kwenye mkono wa mama wa mtu na hakuna atakayejua. Kengele ya mara saba kwa kumi ni mbaya kuliko kukosa kengele. Aibu ya baba yako itapoa kabla ya ndizi nyingine kuiva.

Kuhusu uinjinia, nani amekwambia uache? Ulihesabu hizo mara tatu ukazikumbuka. Wengi huhesabu saba tu. Badilisha springi, jaribu na chupa ya maji mara mia, uandike kila ilipokwama, na isikaribie mgonjwa hadi Sista mwenyewe aridhike. Mwalimu wako naye mwambie. Cheti cha ushindi kikitakiwa, kirudishe.

Kama mdomo utagoma, barua yako imesema yote. Inakili, futa Kagure, andika Nelius, weka jina lako kamili chini. Mpe mkononi kabla hamjafunga, na usikimbie. Simama hapo hadi amalize kusoma.