Usiniletee Halua

Mwanangu Adila,

Salamu zako za Muscat zimefika, nami sijambo, alhamdulillahi. Kisukari nimekitia adabu. Chai nanywa bila sukari, ugali wa dona kiasi cha ngumi, mchicha, na samaki wa kuchoma. Jirani yetu Wahida anasema, "Bi Zaina, umerudi usichana." Nikamjibu, "Kwetu hatushindwi, mtazame Adila wangu."

Ramadhani tu iliniponza. Tende ni sunna, nikadhani chenye baraka hakipandishi sukari. Ikapanda, na kidonda cha mguuni kikagoma kupona.

Basi ukija Idi ya kuchinja, usiniletee halua. Niletee viatu vipana vya kufunika. Mguu wa kushoto umebaki na vidole vinne, lakini sokoni nafika mwenyewe.

Mama yako akuombeaye,
Zaina