Wa Kwanza kwa Kila Orodha

Jumatatu, 4 Machi 2002
Nimefika Kajiado saa mbili, viatu vumbi tupu. Ofisi ni mimi, kompyuta, na daktari wa mifugo ambaye hashindi hapa. Programu imeisha. Inashika orodha ya ng'ombe wa boma moja, inampitia kila mmoja, inamfanyia kazi ile nimeipa. Nikiipa chanjo ya kimeta, inachagua wa kuchanjwa na kuchapa karatasi. Nikiipa dawa ya minyoo, mpitio ni ule ule, kazi tu ndiyo inabadilika. Nimefurahi sana. Hakuna wa kumwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Karatasi zimeenda bomani. Amri ni moja: asiyekuwa kwa karatasi asiguswe, ni ndama ama mgonjwa.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani, benchi la nyuma. Mchungaji ameomba wageni wasimame. Niko na miezi saba nikiishi hapa Noonkopir. Nikasimama.

Jumanne, 19 Machi
Ng'ombe wa Yeyo Nasieku amekufa ghafla. Yeyo ni mama, kwa Kimaasai. Huyu ni mjane. Kimeta. Wamemchoma. Siku ya chanjo alimwambia daktari ng'ombe huyu ameachwa, daktari akamwonyesha karatasi yangu. Leo Yeyo amekuja ofisini nayo, hakunigombeza. Ameiweka mezani akatoka. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 20 Machi
Nimekagua kazi ya chanjo mara nne. Iko sawa. Ya minyoo pia. Saa tisa nikaangalia mpitio wenyewe, sikuwa nimeugusa tangu mwanzo. Kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri. Mimi nilianza kwa moja. Wa kwanza kwa kila orodha ameachwa. Kila boma, kila kazi. Mjinga mimi.

Na mtu wa huku ukimwambia akutajie ng'ombe wake, anaanza na yule anampenda zaidi. Nilijua. Ni mimi nilikuwa naandika wakitaja.

Nimebadilisha tarakimu moja. Karatasi mpya zimetoka.

Ijumaa, 22 Machi
Daktari amezunguka maboma yote siku mbili. Wengine walioachwa wako hai, wamechanjwa. Nimelia chooni. Anasema kwa Yeyo tuseme ni shauri la Mungu, yaishe. Nimekataa. Sasa hata yeye haniongeleshi.

Jumamosi, 23 Machi
Nimeenda kwa Yeyo Nasieku peke yangu, kwa miguu kutoka barabarani. Nikainamisha kichwa, akakigusa, ndiyo salamu ya mkubwa kwa mdogo huku. Nikamwambia ni mimi, si Mungu, si daktari. Nilianza hesabu vibaya, nikamruka wake. Kiswahili chake ni kidogo, na changu kilikwama. Akauliza kama nilimruka nikijua. Nikasema hapana, Yeyo.

Halafu akanieleza rangi ya yule ng'ombe, pembe zake, mama yake alikuwa nani. Akasema niketi. Tangu nihamie huku hakuna mtu ameniambia niketi kwake.

Akanipa chai kwa kikombe cha bati. Strungi, bila tone la maziwa. Yule aliyekufa ndiye alikuwa anakamuliwa. Nilikunywa yote.