Mstari wa Mwaka Jana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na watoto wanakula na kulala vizuri. Sisi huku hatujambo. Mpwa wako Kibonge ameota meno mawili ya juu, na sasa anang'ata kila kitu, mama yake akiwemo. Ile homa ya mwezi wa tatu imekwisha kabisa, usiwe na wasiwasi.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Uliniuliza lini nitaikubali posa ya Msimamizi wetu wa kazini. Ulisema mwanamke mwenye mtoto mgongoni hamringii mtu mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka. Basi ngoja nikueleze juu ya huyo mwenye kiti.

Kwanza uijue kazi yenyewe, maana nyumbani mnadhani nauza barafu. Karibu na ncha za dunia kuna nchi kavu iliyofunikwa na barafu, wala si hii ya kwenye friji. Kuna mahali utachimba kilomita tatu na bado hujagusa udongo. Setilaiti zinapita juu zikiipiga picha. Sisi watu kumi na wawili, kwenye chumba kimoja chenye mapazia mazito, tunazifungua picha hizo kwenye kompyuta na kuchora ukingo: barafu inaishia hapa, bahari inaanzia hapa. Nukta kwa nukta, mpaka jicho litoe machozi. Mashine huchanganya wingu na barafu, lakini mtu akitulia anaona. Mistari yetu inakwenda kwa wataalamu, nao wanalinganisha wa mwaka huu na wa mwaka jana ili wajue barafu imerudi nyuma kiasi gani. Sikusoma sana, dada, lakini hilo nililielewa siku ya kwanza, nikajiona na mimi ni mtu.

Msimamizi hajalielewa mpaka leo. Hajawahi kuchora ukingo hata wa urefu wa kidole. Wageni wakija anavaa koti la manyoya na kujiita mzoefu wa ncha ya kusini, wakati baridi kali kuliko zote aliyowahi kuionja ni ya friji la soda pale mlangoni. Mgeni mmoja alimuuliza setilaiti inajuaje unene wa barafu. Akajibu, tena kwa sauti nzito, kwamba ina macho makali. Sote tuliinama chini ya meza kama watu wanaotafuta viatu.

Kati yetu yupo mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Pole, kwa sababu anamaliza picha moja wakati sisi tumemaliza nne. Msimamizi anamwita Konokono mbele za watu. Humuuliza kama anangoja barafu yote iyeyuke ndipo achore. Na wapo wanaocheka, dada. Chumba kizima cha watu wazima kinacheka ili mwenye kiti afurahi.

Sasa sikiliza. Kuna setilaiti nyingine mbili zinazofuatana angani kama watoto wanaofukuzana. Hizo hazipigi picha, zinahisi uzito wa barafu kwa jinsi inavyozivuta. Mwezi uliopita wataalamu wakatuandikia kwamba uzito umepungua sana, lakini ukingo tunaowachorea hausogei hata hatua moja, isipokuwa kwenye picha za mtu mmoja tu. Wakauliza kulikoni.

Msimamizi akasimama katikati ya chumba akatoa hukumu. Kumi na moja wanakubaliana, mmoja anapinga, basi huyo mmoja ndiye mkosaji. Akamwambia Mama Pole kwamba macho yake yamezeeka, aandike barua ya kuomba radhi, na Ijumaa akabidhi meza. Mtu mmoja akathubutu kuuliza, na zile setilaiti za uzito je? Akasema zimechoka. Eti zimechoka! Kama punda.

Mama Pole alifuta miwani yake, akaomba mtu yeyote afungue picha yake moja aitazame. Hakuna aliyeifungua. Mimi nakaa kulia kwake, mkono wangu ulikuwa umeshika mausi ya kompyuta, na mimi sikufungua. Sikuwa na haja ya kutazama. Nilijua.

Dada, hapa ndipo ninapoogopa. Ile wiki ya homa, jirani alikuwa akinipigia simu kila saa kwamba mtoto amekataa kunyonya chupa, na picha zangu zilikuwa zimerundikana. Nikagundua kwamba unaweza kuuchukua mstari wa mwaka jana, ukaulaza juu ya picha ya mwaka huu, ukausogeza kidogo hapa na pale usionekane wa kuazima, kisha ukabonyeza kumaliza. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza kazi ya siku nzima. Msimamizi akanikuta nakusanya mkoba. Nilijua nimekwisha. Badala yake akacheka, akaniita kichwa, akaamuru chumba kizima wafanye vile, na kwa wakubwa akaandika kuwa ni ubunifu wake. Ni siku hiyo hiyo alipoanza kuniulizia kwako. Mama Pole peke yake alikataa. Mimi nilinyamaza, tena nilijivuna. Nimemdharau yule bwana barua nzima, lakini ujinga anaotamba nao aliuokota mezani kwangu.

Alhamisi, siku moja kabla Mama Pole hajakabidhi meza, nilifungua kisanduku cha maoni kilicho chini ya kila picha, ambacho hakuna anayekitumia, nikawaandikia wataalamu kwamba mistari yetu ni ya mwaka jana, kwamba aliyeanza ni mimi, na kwamba anayechora kweli ni yule ambaye Msimamizi anataka kumfukuza. Nikaweka jina langu kamili.

Kazi yote imesimamishwa, picha za tangu mwezi wa tatu zitachorwa upya. Msimamizi ameitwa kujieleza, nasikia ananitaja mimi, na kwa mara ya kwanza anasema kweli. Mama Pole amebaki na meza yake. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka Jumatano, ndipo nijue kama nina kazi.

Jana Mama Pole alikuja chumbani kwangu. Nilidhani atanishukuru. Alinigombeza, dada, nikiwa nimempakata mtoto. Aliniuliza kwa nini sikumwambia kwamba mwanangu anaumwa, wakati tumekaa bega kwa bega. Alisema angenichorea picha zangu. Angechelewa, lakini angenichorea.

Kwa hiyo jibu la Msimamizi ni hapana, mfikishie kwa maneno yoyote utakayoyaona ya heshima, mimi sinayo. Wakinirudisha nitaanza na picha za ile wiki ya homa, moja moja. Wasiponirudisha, utatuona mlangoni. Mpokee mtoto kwanza, mimi utanigombeza baadaye.

Wasalimie shemeji na watoto wote. Kibonge anawapungia mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kibonge