Maharagwe Thelathini na Moja

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mguu wako umepungua kuvimba tangu mlipoondoka msibani. Mimi nipo. Kula nakula, kazini nakwenda. Nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa.

Nimepata ujumbe wako kwamba muhula ukiisha unamtoa binti yako shule ya wasioona, arudi akae chini ya macho yako. Unasema macho yake na kifua chake ni vya mjomba wake, na hutaki kuzika wa pili. Hata msibani ulisema, watu wakisikia, kwamba kaka yetu aliuawa na kiburi: kipofu mwenye pumu anajitibu kwa kuhesabu maharagwe, na sisi watu wazima tunamtazama tu. Nilikuwa nimekaa karibu yako.

Wewe uliolewa mapema, Dada, hukuishi naye ukubwani. Ngoja nikueleze alivyokuwa.

Mtaani walimwita Meneja, kwa sababu kila lililomhusu alilisimamia mwenyewe. Aliacha kazi ya kutengeneza brashi kwa sababu ya vumbi lake, akajifunza kusuka viti kwa kamba za plastiki hapa barazani. Pampu zake za dawa ya pumu zilikuwa mbili. Ile ya kuzuia, ya asubuhi na jioni, aliizungushia mpira mwembamba ili vidole viitambue. Ile ya kuokoa, ya kifua kinapobana, aliiacha bila kitu, ikakaa kwenye mfuko wa kitambaa uliotundikwa msumari wa mlangoni. Tukitembea, alinusa rangi mbichi kabla hatujafika kwenye nyumba inayopakwa, akanivuta upande wa pili wa barabara. Mimi mwenye macho ndiye niliyeongozwa.

Shida ya pampu ile ya kuokoa ni kwamba ikiisha dawa haikwambii. Inaendelea kutoa hewa, ssss, vilevile. Wenye macho husoma namba nyuma yake. Yeye alikuwa na makopo mawili ya maziwa. Pampu mpya ina mipulizo mia mbili, basi maharagwe mia mbili kwenye kopo la kushoto. Kila mpulizo, punje moja inahamia kulia. Zikibaki ishirini, anachukua fimbo yake na kwenda duka la dawa peke yake. Siku moja nilijitolea kumsaidia kuhesabu. Akacheka mpaka akakohoa, akasema tukihesabu wawili, nyumba itakuwa na vipofu wawili. Miaka tisa hesabu hiyo haikumwangusha.

Siku ile mtaa wa pili walikuwa wakibomoa ukuta, na upepo ukageukia kwetu. Jirani yetu, yule mama fundi cherehani, ndiye aliyemkuta, saa nane mchana. Anasema kaka alikuwa ameketi wima, hana papara, anabonyeza pampu na pampu inaitika. Akibonyeza, anahamisha punje. Jirani akampigia kelele aachane na maharagwe, yeye akainua kidole kimoja, kwamba subiri. Jirani alikimbilia gari. Aliporudi nalo, kaka alikuwa amekwisha kukata roho.

Mlipoondoka nilihesabu kopo la kushoto. Punje thelathini na moja. Kwa hesabu yake, dawa ilikuwa bado ipo.

Hesabu yake haikuwa na kosa, Dada. Kosa ni langu.

Tangu nihamishiwe chumba cha pamba kule kiwanda cha magodoro, kifua changu nacho kilianza kupiga filimbi. Niliogopa kusema, maana pale anayekohoa hurudishwa nyumbani. Basi kila asubuhi kaka akiwa bafuni, nilitoa pampu yake mfukoni, nikavuta mara mbili, nikairudisha ilivyokuwa. Mwezi mzima. Maharagwe sikuyagusa, kwa sababu angejua.

Na kuna hili, ambalo ndilo linalonikaba. Wiki ile ile ya kifo chake aliitikisa pampu, akasema mbona nyepesi. Akaniuliza, kwa upole tu, kama kuna mtu anaitumia. Nikamjibu kwa kicheko, nani atake dawa yako, Meneja? Akasema basi ni mkono wake umeanza kuzeeka, akaitundika msumarini. Mkono wake ulikuwa sahihi. Aliacha kuuamini mkono wake, akaniamini mimi.

Nakuomba usimtoe mtoto shule. Mwambie mjomba wake hakukosea hata punje moja. Mwambie na la kwangu pia, usinifichie, ili ajue pampu haiazimwi na mtu yeyote, hata yule anayempikia na kumfulia. Kiwandani nimeshasema. Sasa ninayo pampu yangu.

Makopo yake mawili yako kwenye kifurushi hiki, ni ya binti. Maharagwe niliyahesabu nikiwa nimefumba macho, kama yeye. Mara mbili nilipotea. Mara ya tatu yakatimia mia mbili.

Nisalimie shemeji, na mguu uukande kwa maji ya vuguvugu. Ukiona huwezi kunijibu, usijilazimishe. Nitakuandikia tu, maana tumebaki wawili.

Ni mimi, mdogo wenu wa mwisho.