Alama ya Hina Nyuma ya Shingo ya Gitaa

Na wala hakikuchungulia, Mjomba! Nilipiga wimbo wako mwanzo hadi mwisho mbele ya wanawake wote waliojaa sebuleni kwa Mama, na kidole gumba changu kilikaa nyuma ya shingo ya gitaa, kimetulia tuli, mkabala na kidole cha kati, kama ulivyokuwa ukinigombeza.

Nimeolewa, Mjomba. Na Seif! Yule fundi pikipiki wa Bungu uliyesema anacheka mno. Bado anacheka, na mimi kila nikitamka "mume wangu" nacheka naye. Asubuhi ananichemshia chai ya tangawizi, halafu ananitazama nikinywa kama vile hajawahi kuona mtu akinywa chai. Tumepanga chumba kimoja hapa Kibiti, sijui furaha yote hii imeeneaje humo. Ila ikizidi kujaa, naanza kukutafuta nikusimulie. Halafu nakumbuka.

Nakumbuka barazani kwako. Wewe ulikuwa unakizungusha kidole gumba juu ya shingo mpaka kinabana uzi mnene, kwa mkono wako ule mpana wa kupiga makasia. Nikikuiga, vidole vyangu vingine vinalala, nyuzi zinakoroma. "Wewe si mimi," unasema. "Kirudishe nyuma! Mwali gani huyu, kila saa anachungulia wageni?" Nakasirika, unacheka, unanishika mkono na kukirudisha mwenyewe. Ule ugumu wa ncha za vidole vyako... bado nausikia.

Ukaahidi kwamba siku kitakapotulia chenyewe, utaniambia gitaa ni langu. Hukuwahi. Ulipougua, Mama alinipa nilitunze tu, na mpaka leo watu wakiniuliza nasema ni la Mjomba.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ya hina, somo yangu aliyenifunda alinipaka mikono yote akaniamuru nisiguse kitu mpaka ikauke. Mjomba, wimbo wako ulikuwa unaniwasha vidoleni! Alipotoka kwenda kuwapakulia wageni wali, nikalichukua gitaa, nikawa nabana nyuzi kimyakimya bila kuzipiga. Aliporudi akashika kiuno: "Haya makubwa, Tatu! Umelipaka hina na gitaa, nalo linaolewa?" Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Kidole gumba kikapakwa upya, nami nikawekewa mlinzi mpaka hina ikakauka, ndipo nikawapigia ule wimbo wako.

Gitaa tulilifuta. Lakini pale nyuma, ambapo vanishi ilishaliwa na kiganja chako, mbao ilikuwa imeshakunywa hina. Juzi Seif ndiye aliyeiona: alama moja nyekundu, katikati kabisa ya shingo, wala haikugusa ukingo. Akaweka kidole chake juu yake, akauliza taratibu, "Hapa ndipo Mjomba alipokuwa anapataka?"

Nililia, Mjomba, bibi harusi mzima, kwa sababu wa kujibu ni wewe peke yako.

Siku ya ndoa walikuja chumbani kuniuliza kama nimeridhia. Ndiyo zilinijaa mdomoni, Mjomba, zote zikakwama, nikabaki nimeinamisha kichwa na mtandio wangu. Shangazi akasema, "Kanyamaza, karidhia," na vigelegele vikalipuka nyumba nzima. Nilikutafuta hata pale, kwenye sauti za wanaume nje.

Basi na wewe nitakuuliza hivyo hivyo. Pumzika, Mjomba wangu, nisubiri kidogo tu. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda boti Nyamisati, mimi na mume wangu, tuje huko delta ulikolala. Kwanza tutakuombea dua na kung'oa majani kaburini. Kisha nitakaa karibu yako, nikuonyeshe ile alama, nikuulize kama gitaa ni langu.

Ukinyamaza, umeridhia.