Sura ya Tisa Ilivyofika Kasaji

Jumatatu, 3 Machi

Umeme hakuna tangu asubuhi. Sijali, naandika kwa kalamu. Sura ya tisa imekwisha. Riwaya yote ni barua, na hii ni ya mchimbaji anayemwarifu mama wa mwenzake kwamba mtoto amefukiwa shimoni. Inaanza hivi: "Mama, kaa chini kwanza." Niliisoma kwa sauti, nikasisimka mwenyewe. Najisifu, ndiyo.

Kesho Tata Ilunga anapeleka lori lake Kasaji. Charlotte ataipata. Tangu shuleni yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza. Sasa anafundisha huko, ambako simu inashika kilimani tu, kwa hiyo bado tunaandikiana.

Jumanne, 4 Machi

Ilunga alipiga honi kabla sijanywa chai. Salamu zangu kwa Charlotte huwa naziandika mwisho kabisa. Leo sikupata nafasi. Nimesukumia kurasa ndani ya bahasha, nikaiacha wazi. Barua ya mkononi haitiwi gundi huku kwetu. Ukiifunga, umemwambia mbebaji humwamini.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeukuta ukurasa wa juu, wenye jina la riwaya na "Sura ya Tisa", chini ya kikombe. Haukwenda. Si kitu. Charlotte ananijua.

Trésor, mwana wa Charlotte, anakuja kula kesho. Anachimba kwenye mgodi wa Mashamba, amepanga chumba mtaa wa Kasulo. Kila akichelewa roho yangu haitulii. Ya mama yake je?

Jumapili, 9 Machi

Naandika usiku huu huu.

Tulikuwa mezani. Simu ikalia. Kaka yake Charlotte, kutoka kilimani.

"Mama Agnès, maiti ya mutoto itafika siku gani? Bantu bashafika, matanga imeanza."

Maiti ya nani? Trésor, akasema. Na Trésor yuko mbele yangu, tonge la bukari, ugali wetu, mkononi. Nilimpa simu. Akamwita mjomba wake kwa sauti:

"Tonton, ni mi! Niko muzima! Niko nakula!"

Kule kilimani akawaita aliokuja nao. Kisha sauti za wanawake, nyingi. Trésor akaanza kulia kama mtoto. Bukari ikapoa.

Jumatatu, 10 Machi

Sasa najua, kaka yake Charlotte amepiga tena. Lori lilikwama kwenye tope, Ilunga akaisoma barua kupitisha saa. Hakuna mtu asiyesoma barua iliyo wazi. Hakuona jina la riwaya, hakuona salamu. Aliona mama anaambiwa akae chini, mwanawe amefukiwa shimoni, na anajua Trésor ni mchimbaji. Na habari ya msiba haipelekwi na mtu mmoja, basi akawapitia kwanza akina mama wa kanisa. Wakaingia uani kwa Charlotte wakiimba.

Angeipokea peke yake angenicheka kwenye mstari wa pili. Lakini aliusikia wimbo kwanza. Karatasi hakuitazama.

Trésor ameondoka na lori la mahindi ili mama yake amshike kwa mikono yake. Nimemlilia rafiki yangu mchana kutwa. Nina aibu.

Jumanne, 18 Machi

Charlotte hajaandika. Ilunga alikuja kuomba radhi. Nami nikamwomba yeye. Alilia njia nzima mpaka Kasaji, maskini. Nitamkasirikiaje?

Sura zote nimezitia sandukuni. Siandiki tena kitabu hiki.

Jumanne, 25 Machi

Trésor amerudi na chupa ya asali na unga wa muhogo. Si vyangu, ni vyake. Nikamuuliza mama yake amesema nini juu yangu.

"Hakusema kitu, mama Agnès. Anashinda ku masomo, akirudia anakamata kalamu."

Kalamu ya kusahihisha daftari za watoto, bila shaka. Salamu hata moja Charlotte hakunitumia. Rafiki ninaye mmoja tu wa namna hii. Nikimpoteza sina mwingine.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Ilunga alisimama mlangoni, ametazama chini, na naapa alikuwa anajizuia kucheka. Akanipa chupa ya asali kutoka kwa Charlotte, na bahasha. Imetiwa gundi. Juu ya gundi, utepe. Juu ya utepe, Charlotte ametia sahihi pande zote mbili.

Ndani, sura ya tisa, imejaa wino mwekundu. Pembeni ya ukurasa ambapo mama analia ameandika:

"Agnès, mama wa mu kitabu yako analia mbio sana. Hapana vile. Miye nilianza kupanga viti vya bageni. Nikafagia lupango yote, toka mulango mupaka ku njia. Nikatafuta viatu vya Trésor vya zamani, sijui juu ya nini. Chozi hata moja haikutoka mupaka nilisikia bananiambia alikuwa anakula kwako. Kamata ile, tia mu kitabu. Nilikukasirikia sana. Sasa imepita. Tuma sura ya kumi."

Nimesoma nimesimama. Kisha nimekaa, nimelia, nimechemsha chai na kuitia asali yake.

Nimefungua sanduku. Nimechukua karatasi safi. Leo nimeanza na salamu.